Majani ya Bunyakiri Chini ya Miti ya Avoka

"Mutoto yangu, juu ya nini haizai?"

Aliyeniuliza hivyo ni Maman Bahati, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tukiwa tumesimama kwenye mteremko wa parseli yake, yaani kiwanja chake, huku mtaani Muhumba. Chini ya miti yake mitatu ya avoka, yaani maparachichi, tulikuwa tumetandaza zulia la majani mabichi, kila jani na umbo la moyo, na juu yake vilikuwa vimechanua vimaua vyeupe vya kutosha kumfanya mtu asimame. Tunda, hakuna hata moja. Nilikuwa na diploma ya ingénieur agronome, mtaalamu wa kilimo, bado ngumu na safi ndani ya plastiki yake. Nikamwambia tungoje kidogo. Yeye aliyewafundisha kusoma nusu ya wazazi wa mtaa ule alijua mwanafunzi anasemaje asipojua jibu. Akaitikia, "Sawa, tungoje," akaingia ndani kuangalia maharage yake.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya vitalu na bustani hapa Bukavu, mnaokuja na madaftari na kuuliza ni mbolea gani. Mvi za kuitwa mstaafu sina. Kazi nimeiacha kwa sababu magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na anayefanya kazi ya kutandaza mimea ya chini bila magoti ni sawa na mwimbaji asiye na koo. Kwa hiyo nisomeni kama mnavyosoma maandishi kwenye paketi ya mbegu, kwa mashaka. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwamini mtu yeyote aliyenifundisha, na sioni kwa nini ninyi mniamini upesi.

Mmea wenyewe kwanza. Ulifika kwa Maman Bahati ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mdogo wake, Maman Sifa, aliushika mapajani kutoka kwao Bunyakiri alipokuja kwenye matanga ya shemeji yake. Kwao huota wenyewe penye kivuli kizito, kando ya vijito na chini ya miti mikubwa, ukitambaa na kutoa mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Haupukutishi majani, kiangazi na masika ni kijani kile kile. Na matunda yake, Maman Bahati alisema, ni madogo, mekundu, yanang'aa kama shanga. Walipokuwa wasichana waliyatunga kwenye uzi na kwenda nayo misa, na padri akajifanya hayaoni. Jina lake la Kitembo, lugha ya kwao, nilijaribu kulitamka mara moja, Maman akacheka mpaka akashika ukuta. Kitaluni tuliuita tapi, yaani zulia. Kwenye vitabu umo katika ukoo mmoja na kahawa, jambo ambalo nilimwambia kila mteja bila kulazimishwa.

Sasa, kwa nini mwalimu mstaafu alihitaji zulia. Parseli yake inashuka kuelekea ziwa, imesimama karibu kama ngazi, na chini yake kuna nyumba ya jirani. Kwenye kivuli cha avoka nyasi zilikufa kila zilipopandwa, udongo ukabaki uchi, na msimu mmoja wa mvua tope likavuka ukuta na kuingia jikoni kwa jirani, likazima mbabula, jiko la makaa, sufuria ikiwa juu yake. Jirani hakupiga kelele. Alikuja na ile sufuria imejaa tope, akaiweka barazani kwa Maman Bahati, akasema amekuja kurudisha udongo wake.

Mtoto wa kwanza wa Maman Bahati, Serge, ni ingénieur wa ujenzi. Kwake jambo lilikuwa rahisi: miti ikatwe, mteremko umwagiwe béton, yaani zege, watu walale. Maman Bahati akakataa. Ile miti aliipanda yeye na marehemu mume wake mwaka waliopata parseli, kabla ya nyumba kuwa na paa, na kivulini pale ndipo alipofundishia watoto wa mtaa wakati wa mgomo wa walimu. Alimwomba mwanawe ampe nafasi ya kujaribu majani ya kwao. Serge akakubali kwa masharti, na masharti aliyasema mbele yangu na mbele ya bosi wangu ili tuyasikie vizuri.

"Mimi siko na shida na majani. Niko na shida na udongo. Ikifika tena kwa jirani, ninaleta muntu wa kukata, tunamwaga béton, tunamaliza."

"Unaona," Maman Bahati akamwambia bosi wangu, "niko na ma-ingénieur mbili hapa, na udongo inaendelea kushuka tu."

Bosi wangu alikuwa Papa Déo, mwenye kitalu kwenye barabara ya Panzi. Alijifunza kazi akiwa kijana kwenye bustani za majumba ya zamani ya kando ya ziwa, na alichobeba kutoka huko ni kupenda vitu vinavyofanana. Ua wa miti kwake ulipaswa kuwa na kimo kimoja, na nyasi rangi moja. Kanuni yake kuu ilikuwa hii: chagua mama mmoja, aliye na afya kuliko wote, na watoto wote watoke kwake. Ukichanganya mama, alisema, zulia litakuwa na mabaka kama mbuzi. Bukavu nzima tunafanya vile vile bila hata kuwa na kanuni. Unaona ua zuri kwa rafiki, unaomba kijiti, unachomeka, jirani anaomba kwako, na baada ya miaka michache mtaa mzima una mmea mmoja uliogawanywa vipande. Ni njia nzuri, ni ya bure, na mara nyingi haina ubaya wowote.

Mimi nilipinga kwa sababu nilipinga kila kitu. Nilimuuliza kwa nini mama mmoja, kwa nini tupande mwisho wa Agosti, kwa nini tukate nusu ya jani. Akaniita Mademoiselle Juu-ya-Nini, yaani Binti Kwa-Nini, na jina likashika mpaka wateja wakafikiri ndilo la ukoo. Kuhusu mama mmoja hatimaye nilikubali, maana ndani ya lile kopo kulikuwa na shina moja tu lenye nguvu. Mengine yalionekana dhaifu, Papa Déo akayatupa. Kutoka kwa hilo shina tukapata vipandikizi vya mteremko mzima, taratibu, msimu hadi msimu, chini ya kivuli cha matawi ya mchikichi.

Niwape yale ya mikono, kwa sababu ndiyo yatawasaidia hata kama mengine mtayasahau. Kipandikizi kiwe na vifundo vitatu, kimoja kiingie ardhini. Punguza majani, la sivyo kitapoteza maji kabla hakijapata mdomo wa kunywea. Usichimbe mashimo kwenye mteremko wenye mizizi ya avoka. Chana udongo kwa panga dogo, ingiza, bana kwa kidole gumba. Panda kwa mistari inayokata mteremko, mstari wa pili uzibe nafasi za wa kwanza. Mashina yanayotambaa yabanwe chini kwa vipande vya matete vilivyokunjwa, kama unavyobana nywele za mtoto anayekwenda ubatizo. Na okota majani ya avoka yanayodondoka. Ni makubwa, ni mazito, yakilala juu ya mmea mdogo yanauzima kimya kimya. Yakusanye, yakatekate, ndipo uyarudishe. Na kuku. Hakuna kitabu chuoni kilichoniambia habari za kuku. Kuku mmoja wa jirani alifumua asubuhi moja kazi ya wiki. Papa Déo alisema tumfunge, Maman Bahati akasema kuku ana haki zake, tukamaliza kwa kuweka matawi ya miiba.

Mvua zilipoanza, zulia lilikuwa limefunika sehemu kubwa. Likachanua. Likaonekana zuri kiasi kwamba masista fulani walikuja kuuliza kama tunaweza kufanya lile lile nyuma ya nyumba yao ya wageni. Kisha Novemba ikaja mvua ile ambayo inapiga bati mpaka hamsikilizani chumbani, na asubuhi tukakuta mfereji umechanika kutoka ukuta wa juu kwenda chini, upana wa mtu aliyelala. Tope lilifika kwenye ukuta wa jirani. Halikuvuka. Serge alikuja na kanda yake ya kupimia, akapima kilichobaki, akasema amempa mama yake msimu mmoja zaidi kwa sababu jirani hakulalamika. Baada ya hapo, mkataji.

Hapo ndipo matunda yakawa jambo kubwa, na ningependa mwelewe kwa nini, maana hata mimi mwanzoni niliona ni pambo tu. Ili kuziba mfereji tulihitaji mimea mipya mingi. Mmea unaozaa unadondosha mbegu, mbegu zinashuka na maji, zinakwama kwenye mapengo na kuota zenyewe mahali pale pale panapohitajika. Mmea usiozaa unabidi uukate ili kuuongeza. Tukikata juu tunafungua tundu juu; tukikata pembeni, pembeni. Ilikuwa kama kushona kiraka kwa kitambaa cha suruali hiyo hiyo. Tapi ilitambaa polepole, na miezi ya mvua inayofuata ilikuwa inakuja kwa kasi yake ya kawaida.

"Kwetu ile majani ilikuwa inazaa bila kuombwa," Maman Bahati alisema. "Hii inachanua tu, kama muntu anavaa vizuri na haendi popote."

Kila mtu akawa na nadharia. Papa Déo alisema ni majivu yanakosekana, akamwaga majivu ya mbabula mpaka majani yakawa meupe. Mimi nilisema kivuli kimezidi, tukapunguza matawi machache ya avoka, huku Maman akisimama chini akihesabu kila tawi kwa macho. Hakuna kilichobadilika. Nikasema ni wadudu: labda wale wanaotembelea maua haya huko Bunyakiri hawapo huku mjini. Hii niliipenda kwa sababu ingeweza kujaribiwa. Nikachukua unyoya wa yule kuku mwenye haki zake, nikakaa mteremkoni asubuhi nyingi, nikahamisha chavua kutoka ua hadi ua, kutoka upande huu wa zulia hadi upande ule, nikafunga uzi kwenye maua niliyogusa. Papa Déo alikuja kusimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Mademoiselle, nyuki wanakulipa ngapi?"

Maua yote yenye uzi yalikauka na kudondoka. Nikahitimisha kwamba tatizo haliko kwenye chavua. Jaribio nililifanya vizuri, na hitimisho lilikuwa baya kabisa. Chukueni hilo mwende nalo: jaribio zuri linaweza kukupeleka pabaya ukiwa na aina moja tu ya kitu mkononi na hujui kwamba ni moja.

Kiangazi kilipofika na mfereji bado uko wazi, nikamwambia Papa Déo kwamba nakwenda Bunyakiri kuleta mimea mingine. Alikubali kwa shingo upande, akaniagiza nitafute inayofanana na yetu. Nilipanda Fuso la wafanyabiashara wa mafuta ya mawese lililokuwa linarudi tupu. Siwasimulii barabara, mnaoijua mnaijua, na wengine hamtaniamini. Wakati ule njia ilipitika, na Maman Bahati, aliyekuwa hajafika kwao kwa miaka kwa sababu mara nyingi haikupitika, alinipa sabuni na chumvi za kumpelekea mdogo wake. Aliniomba nimletee matunda yenyewe, hata kama yatakuwa yamekauka, ili ajue kwamba hakuyaota ndoto.

Maman Sifa alinipeleka shambani kwake na kwa majirani: chini ya kakao, kando ya kijito, nyuma ya kanisa dogo la mbao. Niliyaona matunda. Ni mekundu kweli. Nilitaka kuchagua kwa kufuata kanuni ya Papa Déo, lakini dereva alikuwa anapiga honi barabarani na mvua ilikuwa inanukia karibu, kwa hiyo nilichuma vipandikizi popote nilipofika, kidogo hapa, kidogo pale, nikafunga vyote kwa majani ya migomba pamoja na kuvumwani ya miti iliyolowana. Maman Sifa alishangaa kwamba mtu amesoma miaka yote hiyo ili kuja kuchuma magugu yake. Nilimwambia kwamba dada yake anayahitaji ili miti yake isikatwe. Akaacha jembe, akaanza kuchuma na yeye.

Papa Déo alipofungua mafungu kitaluni alisikitika. Majani mengine mapana, mengine madogo, mengine na kingo za rangi ya divai. Alisema mteremko utakuwa mbuzi. Lakini hatukuwa na muda wa kukuza mama mpya, tukapanda mbuzi wetu kwenye mfereji na kwenye kila pengo, tukabana kwa matete, tukaweka miiba. Maman Bahati alipokea matunda yake ndani ya karatasi, akayaweka kwenye kisahani mezani karibu na picha ya mume wake, na kwa siku kadhaa kila mgeni alionyeshwa.

Msimu ule mvua haikutuhurumia. Kila ilipopiga usiku, asubuhi nilikimbia Muhumba kabla ya kufika kitaluni, nikimkuta Maman Bahati tayari ameshuka na fimbo yake, anaangalia. Serge naye alipita kabla ya kazi, viatu vikiwa ndani ya mfuko. Ardhi ilikaa. Ilikaa Oktoba, ikakaa Novemba, ikakaa na zile mvua za Aprili zinazobeba barabara. Maji yaliyofika kwa jirani wa chini yalikuwa safi, akaweka ndoo. Mwisho wa mvua Serge alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake kwamba mkataji haji. Maman akamwuliza kama amekula.

Na matunda yakatokea. Kwanza kuzunguka viraka vipya, kisha katikati ya zulia la zamani, kwenye mmea ule ule uliokuwa umetugomea. Papa Déo alisema ni majivu, yalichelewa tu. Maman Bahati alisema mimea ilikuwa mipweke, sasa imepata watu wa kwao. Mimi nilicheka maelezo yote mawili, na sikuwa na la kwangu. Niliandika kwenye ripoti ya masista, ambao tulikuwa tumewapandia pia, kwamba mmea "umezoea mazingira". Mkikuta maneno hayo kwenye ripoti yoyote, jueni mwandishi hakujua.

Jibu nililipata miaka baadaye, nikiwa nimelala kifudifudi pale pale mteremkoni na lenzi ya mkononi, nikitafuta kitu kingine, wadudu wa majani. Nikaona kwamba kwenye mmea mmoja kijiti cha kike kinatokeza nje ya ua na vifuko vya chavua vimejificha ndani. Kwenye mmea wa jirani yake ni kinyume, chavua juu na kijiti chini. Nikaenda huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Aina mbili. Ndugu kadhaa wa kahawa wako hivyo, na nilikuwa nimelisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Ua la aina moja linahitaji chavua ya aina ya pili ili kuzaa. Sisi tulikuwa na shina moja lililogawanywa mara elfu: mteremko mzima ulikuwa ua moja, na mimi na unyoya wangu tulikuwa tunalipelekea chavua yake lenyewe. Maman Bahati alikuwa amekaribia ukweli kuliko mimi, ingawa nilipomweleza alisema yeye alikuwa anazungumza juu ya upweke tu, na habari za vijiti hazijui.

Kwa hiyo, mkipanda kitu mnachotaka kizae, chukueni kutoka kwa mama zaidi ya mmoja, na mvumilie mabaka. Kwa muda mrefu niliwaambia wanafunzi wa stage, wanaokuja kujifunza kazi, habari hii kama habari ya ushindi: mimea ya Bunyakiri iliziba mfereji, ikazaa, ikaokoa miti. Niliuliza kila swali kuhusu matunda. Kuhusu ushindi sikuuliza hata moja.

Mwaka jana, nilipoacha kazi, nilikwenda kumuaga Maman Bahati. Yeye amezeeka, anakaa chini ya avoka na blanketi miguuni, na Serge alikuwa amekuja kumletea dawa. Serge ndiye aliyenisindikiza langoni. Nikamwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba mwisho wa yote majani yamemshinda béton.

"Majani inasaidia," alisema. "Sikatai. Lakini ulishaingia kwa jirani wa juu?"

Sikuwahi. Ukuta wa juu ulikuwa ndio mwisho wa mteremko wetu, na mimi nilifanya kazi nikiangalia chini. Serge akanieleza bila haraka. Maji yote ya bati la nyumba ile ya juu yalikuwa yanadondoka nyuma ya ukuta na kupenya kwetu mahali pamoja, pale pale mfereji ulipochanika. Kile kiangazi nilichokwenda Bunyakiri, alizungumza na mwenye nyumba, akaweka gouttière, mfereji wa kukinga maji ya bati, kwa mikono yake, akaielekeza kwenye mtaro wa barabara. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Maman angesema siamini majani yake. Na ilikuwa kweli, siamini." Akafungua lango. "Lakini ile miti, mi pia nilikuwa sitaki ikatwe."